Klabu ya Kompyuta ya Homebrew: Kumbukumbu ya Miaka 50 Tangu Kikao cha Kwanza

Machi 2025 ilitimia miaka 50 tangu watu 32 walipokutana katika banda la gari la mhandisi mmoja huko Menlo Park, California, usiku wa mvua, kuzungumzia kompyuta za kujitengenezea. Majina yaliyovuma baadaye kutoka kundi lile yanajulikana dunia nzima, na kampuni ya Apple haihitaji kijitabu cha kuitangaza. Historia hii inawafuata zaidi wale waliotafuta ukumbi, walioandika anwani kwenye bahasha, waliosimama mbele kuendesha kikao baada ya kikao. Bila kazi hizo zisizo na sifa, mkutano wa Machi 1975 ungebaki mkutano mmoja tu.

Kabla ya 1975: kiu isiyokuwa na kisima

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, jeshi, benki au chuo kikuu. Mtu wa kawaida aliyetaka kuitumia aliomba nafasi, akapangiwa saa, akalipia au akalipiwa na mwajiri. Katika bonde la Santa Clara, kusini ya San Francisco, waliishi maelfu ya watu walioshinda mchana kutwa wakibuni chipu na vikokotoo katika kampuni kama Intel na Hewlett-Packard, na jioni wakarudi nyumbani mikono mitupu. Ujuzi walikuwa nao. Mashine hawakuwa nayo.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1966 Stephen Gray alianzisha Amateur Computer Society, chama cha mafundi wa ridhaa waliowasiliana kwa jarida. Lakini kabla ya chipu ya prosesa kupatikana kwa bei ya kawaida, kuunda kompyuta nyumbani kulimaanisha kukusanya mamia ya vipande, kuviunganisha kimoja kimoja kwa risasi na pasi ya moto, kisha kuomba Mungu viwake. Wengi walianza; waliomaliza walikuwa wachache.

Menlo Park yenyewe ilikuwa na People's Computer Company, iliyoanza mwaka 1972. Licha ya jina lake haikuwa kampuni ya biashara. Ilikuwa gazeti na kituo ambako Bob Albrecht na wenzake waliwafundisha watoto na watu wazima kuandika programu. Hapo ndipo alipokuwa akishinda Fred Moore, mwanaharakati wa amani ambaye mwaka 1959, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifunga kula akipinga mafunzo ya kijeshi ya lazima. Moore hakuwa mhandisi mashuhuri. Kipaji chake kilikuwa kukusanya watu: nani anajua nini, nani anatafuta nini, nani anakaa wapi. Alitunza orodha ya majina ya watu waliotaka kujifunza kuhusu kompyuta, na orodha ile ndiyo iliyokuja kuwa klabu.

Kilichowasha moto ni toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics. Jalada lake lilionyesha Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kama seti ya vipuri kwa dola 397 na kampuni ya MITS ya Albuquerque, New Mexico. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel 8080 na memori ya baiti 256, ambayo isingetosha kuhifadhi hata aya hii unayoisoma. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mwenye nayo aliingiza maagizo kwa kupandisha na kushusha swichi, akasoma majibu kwenye taa ndogo nyekundu. Hata hivyo MITS, iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika na ikitarajia kuuza mashine mia chache, ilifurikwa na maelfu ya maombi.

Machi hadi Juni 1975: kutoka nyumba hadi ukumbi

Moore alishirikiana na Gordon French, mhandisi aliyekwisha kujiundia kompyuta yake. Walibandika na kutuma tangazo la kualika yeyote anayeunda kompyuta au kifaa chochote cha namna hiyo aje kubadilishana habari na kusaidiana kazi. Kikao kiliitishwa Jumatano, tarehe 5 Machi, nyumbani kwa French.

Kati ya wale 32 waliofika, sita walikuwa wamekwisha kuunda mfumo wa kompyuta wa aina fulani, na kadhaa walikuwa wameagiza Altair wakiingoja posta. Altair moja, iliyokuwa mikononi mwa People's Computer Company, ililetwa watu waione. Steve Dompier, aliyekuwa amesafiri hadi Albuquerque kuona mambo kwa macho yake, alieleza kwamba MITS ilikuwa na maombi 4,000 na haiwezi kuyamudu. Swali likaulizwa: mtu atafanya nini na kompyuta nyumbani? Majibu yalitiririka. Kuandika na kuhariri maandishi, kutunza kumbukumbu, kuendesha kengele za wezi na kipasha joto, kupika, michezo, muziki, roboti ndogo, biashara ndogo, hata mtandao wa kumbukumbu za mtaa. Ukiisoma orodha ile leo, kilichokosekana ni kidogo mno.

Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo kijana wa Hewlett-Packard, Steve Wozniak, aliyeletwa na rafiki yake Allen Baum. Alidhani mkutano ni wa mambo ya skrini za televisheni na akajiona mgeni, maana hakujua kitu kuhusu prosesa mpya. Aliondoka na karatasi ya maelezo ya chipu, akaisoma nyumbani, akaona kwamba kompyuta aliyokuwa akiiota tangu shule imekuwa jambo linalowezekana. Ameeleza mara nyingi kwamba usiku ule ulikuwa miongoni mwa siku muhimu kabisa maishani mwake.

Banda la gari halikutosha tena. Kikao cha pili kilifanyika katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, na vilivyofuata katika Peninsula School, shule ya Menlo Park. Ni hapo shuleni, Aprili 1975, Dompier alipofanya jambo ambalo waliokuwapo hawakulisahau. Aliweka redio juu ya Altair yake, akakaa muda mrefu akipandisha na kushusha swichi. Mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, kila kitu kikafutika, akaanza upya. Alipomaliza, redio ikaimba wimbo wa The Beatles. Alikuwa amegundua kwamba mashine ile, kila ilipotekeleza agizo, ilitoa mawimbi yanayonaswa na redio, akaandika programu ya kuyapanga yawe sauti. Wasikilizaji walisimama wakapiga makofi. Kompyuta isiyokuwa na kifaa chochote cha kutolea majibu ilikuwa imepata kinywa.

Kabla mwaka haujafika mbali klabu ilipata makao yaliyodumu: ukumbi wa mihadhara wa SLAC, kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford chenye mtambo wa kuharakisha chembe wenye urefu wa kilomita 3 na ushei. Mahali palipojengwa kwa ajili ya sayansi kubwa kuliko zote pakawa, kila baada ya wiki mbili siku ya Jumatano, pa mafundi wenye mashine za mezani. Kupata ukumbi wa uhakika, wenye viti vya mamia, huenda ndiyo bahati kubwa kuliko zote iliyoipata klabu hii. Vyama vingi vya aina hii hufa kwa kukosa pa kukaa kuliko kwa kukosa mawazo.

Jarida, stempu na dola 52

Homebrew haikuwa na ada ya lazima, haikufanya uchaguzi wa viongozi, na haikumtaka mtu ajaze fomu. Aliyefika alikuwa mwanachama. Lilitolewa pendekezo kwamba anayependa atoe dola moja kusaidia gharama za matangazo na jarida, na hadi kikao cha tatu mchango ulikuwa umefika dola 52 na senti 63. Kwa msomaji aliyekulia kwenye vyama vyenye daftari la michango na faini ya kuchelewa, utaratibu huu utaonekana wa kubahatisha. Ulikuwa hivyo kweli, na ulibebwa na mtu aliyekubali kufanya kazi bila kuulizwa.

Toleo la kwanza la jarida lilitoka tarehe 15 Machi 1975, siku kumi tu baada ya kikao cha kwanza. Moore alilihariri mwenyewe: habari za kikao, nani ana vipuri gani, nani anahitaji msaada, anwani za watu. Kwa aliyekaa mbali na asiyeweza kufika Jumatano, jarida ndilo lililokuwa klabu yenyewe. Baada ya miezi michache Moore aliachia uhariri, na Robert Reiling akaupokea. Mabadiliko haya ya mikono hayasimuliwi sana, ingawa ndiyo yaliyoamua hatima. Mwanzilishi aliondoka katika mwaka wa kwanza, na French naye akahamia pwani ya mashariki kikazi. Klabu inayosimama juu ya waanzilishi wake peke yao ingeishia hapo. Hii haikuishia, kwa sababu kila kazi ilikuwa imepata mtu wa kuipokea.

Jumla ya matoleo 21 ya jarida yalichapishwa hadi Desemba 1977.

Kipindi cha Felsenstein: namna ya kuendesha kikao

Aliyempokea French uendeshaji wa vikao alikuwa Lee Felsenstein, mhandisi wa Berkeley ambaye mwaka 1973 alishiriki kuanzisha Community Memory, mradi ulioweka mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kompyuta ndani ya duka la sahani za santuri ili mpita njia aache tangazo au asome la mwenzake. Alileta wazo lilelile Homebrew: kazi ya msimamizi si kuhutubia bali kuwaunganisha wenye haja na wenye nacho.

Kikao chake kilikuwa na sehemu ambazo wanachama walizizoea. Kwanza alisimama mbele na fimbo ndefu ya kuonyeshea, akawanyooshea waliopunga mikono. Mmoja anasema ana chipu za memori za ziada, mwingine anauliza nani amefaulu kuunganisha kinasa sauti cha kaseti, wa tatu analeta tetesi za bidhaa mpya, na Felsenstein anatupia mzaha kabla ya kumgeukia wa nne. Ilikuwa shughuli ya haraka na ya wazi. Ndani ya muda mfupi kila mtu alijua nani yuko ukumbini na kwa sababu gani. Kisha ikafuata maonyesho au mada ya mtu mmoja. Mwisho watu waliachiwa huru wamtafute yule waliyemsikia mwanzoni, na ukumbi ukageuka soko la karatasi za michoro, vipuri na ushauri. Waliobaki na maneno waliyamalizia The Oasis, baa ya Menlo Park.

Nionavyo mimi, utaratibu huu ndio uvumbuzi mkubwa wa klabu, kuliko mashine yoyote iliyoonyeshwa pale. Mtaalamu na aliyeanza jana walikuwa na sekunde zilezile za kusema haja yao. Mwenye haya aliweza kukaa nyuma kwa miezi, kama Wozniak, kisha siku moja akaweka kazi yake mezani watu wamzunguke.

Huduma zilizotolewa

Kwa lugha ya leo ya ripoti, klabu ilitoa mafunzo, msaada wa kiufundi na soko. Kwa vitendo ilikuwa hivi: Altair zilizofika zilikuja na matatizo, hasa kadi za memori za MITS ambazo mara nyingi hazikufanya kazi. Bob Marsh na Gary Ingram wakaanzisha Processor Technology mwezi Aprili 1975 na kuuza kadi za memori zilizoaminika zaidi. Wateja wao wa kwanza walikuwa watu waliokaa nao ukumbi mmoja, na kasoro ya bidhaa ilijulikana Jumatano inayofuata.

Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta aliyoibuni kwa prosesa ya MOS 6502, chipu iliyouzwa kwa dola 25 wakati za washindani zilikuwa ghali mara nyingi zaidi. Alikuwa tayari kwenda nyumbani kwa mtu kumsaidia kuiunda. Ni rafiki yake Steve Jobs aliyeona kwamba wengi wanataka mchoro lakini hawana muda wa kuunganisha waya, na akapendekeza wauze bodi iliyokwisha kuchapwa. Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop huko Mountain View, aliagiza 50, akitaka ziwe zimeunganishwa kabisa. Hiyo ndiyo Apple I ya mwaka 1976, iliyouzwa kwa dola 666 na senti 66.

Mzozo wa utepe, 1975–1976

Historia ya kumbukumbu isiyotaja mgogoro huwa tangazo, kwa hiyo huu nautaja. Juni 1975 MITS ilileta onyesho katika hoteli ya Rickeys Hyatt House, Palo Alto. Altair ilikuwa ikiendesha lugha ya BASIC iliyoandikwa na Bill Gates na Paul Allen, ambayo wengi walikuwa wameilipia na hawajaipata. Utepe wa karatasi wenye matundu uliobeba programu ile ukachukuliwa. Kabla ya muda mrefu nakala zake ziligawiwa kwenye kikao cha klabu, kwa sharti kwamba anayechukua moja alete nyingine za kugawia wenzake.

Gates alijibu kwa barua ya wazi ya tarehe 3 Februari 1976 kwa wapenzi wote wa kompyuta. Alisema kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye Altair walikuwa wamenunua BASIC, kwamba muda wa kompyuta uliotumika kuiandika ulizidi thamani ya dola 40,000, na kwamba anayenakili anaiba. Barua ilichapishwa katika jarida la klabu na kwingineko, ikazua hasira.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na sioni faida ya kumtangaza mshindi nusu karne baadaye. Cha kuhesabiwa ni jibu la vitendo, lililoanza hata kabla ya barua ile. People's Computer Company ilitoa mwongozo wa lugha nyepesi, Tiny BASIC, ambayo yeyote angeweza kuiandika kwa ajili ya mashine yake, na mwezi Januari 1976 likaanzishwa jarida la Dr. Dobb's chini ya uhariri wa Jim Warren kuchapisha programu za namna hiyo wazi wazi. Tom Pittman, mwanachama wa Homebrew, aliuza Tiny BASIC yake kwa dola 5, bei ndogo kiasi kwamba kunakili kulikosa maana.

Biashara inapoingia, 1976–1979

Zaidi ya kampuni 20 huhesabiwa kuwa na mizizi Homebrew. Mbali na Apple na Processor Technology kulikuwa na Cromemco ya Harry Garland na Roger Melen, na baadaye Osborne Computer ya Adam Osborne, aliyeanza kwa kuuza vitabu vyake vikaoni na mwaka 1981 akatoa Osborne 1, kompyuta ya kubebeka ya dola 1,795 iliyobuniwa na Felsenstein.

Aprili 1977 Warren aliandaa West Coast Computer Faire mjini San Francisco. Walihudhuria zaidi ya watu 12,000, na Apple II ikazinduliwa hapo. Mwaka huohuo zilitoka TRS-80 na Commodore PET, mashine za kununua dukani na kuwasha. Kwa klabu hii neema ilikuja na gharama. Mtu aliyekuwa akisimama ukumbini kueleza kila alichogundua sasa alikuwa na washirika, wafanyakazi na siri za kulinda. Maswali yaliyokuwa yakijibiwa kwa michoro yakaanza kujibiwa kwa tabasamu.

Hatua kuu

| Tarehe | Tukio |
|---|---|
| Januari 1975 | Altair 8800 yatokea katika Popular Electronics |
| 5 Machi 1975 | Kikao cha kwanza, Menlo Park, watu 32 |
| 15 Machi 1975 | Toleo la kwanza la jarida |
| Aprili 1975 | Dompier apiga muziki kwa Altair, Peninsula School |
| 1975 | Vikao vyahamia ukumbi wa SLAC. Felsenstein awa msimamizi, Reiling awa mhariri |
| 3 Februari 1976 | Barua ya wazi ya Gates |
| 1976 | Apple I |
| Aprili 1977 | West Coast Computer Faire |
| Desemba 1977 | Toleo la 21 na la mwisho la jarida |
| Desemba 1986 | Klabu yafungwa |
| Novemba 2013 | Wanachama wa zamani wakutana tena, Mountain View |

1978–1986: miaka isiyosimuliwa

Jarida lilikoma, vikao havikukoma. Vitabu vingi huruka kutoka 1977 moja kwa moja hadi umaarufu wa Apple, kana kwamba klabu ilizima taa. Iliendelea kwa miaka mingine tisa. Habari za kiufundi sasa zilipatikana katika Byte na magazeti mengine, vipuri madukani, na wenye Apple au TRS-80 walikuwa na vyama vyao. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, mazungumzo yalihamia maofisini. Mtu aliyeendelea kuja Homebrew Jumatano hakuwa na sababu ya kibiashara ya kuja. Alikuja kwa sababu ile iliyowaleta French na Moore. Muda ule klabu ilizidi maisha ya watoto wake kadhaa: Processor Technology ilifungwa mwaka 1979, Osborne Computer ikafilisika mwaka 1983.

Ndugu zake

Homebrew haikuwa peke yake. Uingereza ilikuwa na Amateur Computer Club tangu 1973, na New Jersey ikapata kundi lake mwaka 1975. Uholanzi, Hobby Computer Club ilianzishwa mwaka 1977. Mwaka huohuo mjini Boston, Jonathan Rotenberg, mvulana wa miaka 13, alishiriki kuanzisha Boston Computer Society, iliyokua hadi kuwa na wanachama zaidi ya 30,000, ofisi na waajiriwa, kisha ikafungwa mwaka 1996 gharama zilipozidi michango. Kundi la New Jersey lilifuata njia nyingine. Lilibaki dogo, likishirikiana na chuo cha jimbo kuandaa tamasha la kompyuta la Trenton, lililoanza mwaka 1976 na kuendelea kwa miongo kadhaa, likiendeshwa na watu wa kujitolea na wauzaji wa vipuri vilivyotumika.